Trima ya umeme ikikusumbua: dalili, chanzo, na cha kutazama kabla hujanunua nyingine

Mashine nyingi zinazoitwa mbovu hapa Lamu wala si mbovu. Nazungumzia rauta ndogo ya kushika mkono mmoja, ile sote tunaiita trima, ya kupigia kingo, kuchimbia mifereji ya njumu (vipande vya pambo vinavyopachikwa ndani ya mbao), kukatia vitanda vya bawaba na kuondoa uwanja wa nakshi kabla patasi haijaingia kumaliza kazi. Mtu anafika nayo, ati "ami, hii ishakufa, nipe nambari ya yule wa Mombasa nikaagize nyingine", na ukiishika ukaigeuza chini unaona tatizo liko palepale mdomoni, halijapanda hata kwenye mota. Kwa hivyo mpangilio wangu wa kutafuta ugonjwa ni huu: koleti (kibanio cha mdomoni kinachoshika biti) kwanza, biti, yaani kile kisu kinachozunguka, ya pili, stima ya tatu, mota mwisho kabisa. Na ndio mpangilio huohuo nnaonunulia, manake wengi wakifika dukani wanauliza wati ngapi tu basi, na wati hazijawahi kushika biti hata siku moja.

Kwetu kununua vibaya kuna gharama yake. Mashine ikitoka Mombasa inapanda basi mpaka Mokowe, inavuka kwa boti, inaingia mitaani kwa mkokoteni au kwenye shogi la punda, ukitaka kuirudisha ni safari hiyohiyo kinyumenyume na ukifika mwenye duka anakuuliza risiti iko wapi na kwa nini boksi limechanika. Na kazi haisubiri, mji wa kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001 na wenye nyumba bado wanataka mlango wa nakshi wenye miimo, yaani nguzo za pembeni, na mfaa wake wa katikati, si ubao wa kiwandani wenye stika.

Moja kabla hatujaingia: kila nitakaposema shika, geuza, fungua, plagi iwe ishachomolewa ukutani. Kuzima swichi hakutoshi. Trima nyingi swichi yake ni ya kusukuma kwa kidole gumba na ukiweka mashine vibaya juu ya meza inajiwasha, na hicho kitu kinazunguka mara 30,000 kwa dakika.

Biti inateremka yenyewe, mfereji unazidi kwenda chini

Hii ndio malalamiko namba moja. Umepima milimita tatu, unaanza mwisho mmoja wa mwimo mfereji uko tatu, ukifika mwisho wa pili uko tano, na mbao ya watu ishaharibika. Kuna wakati ni kinyume, biti inapanda badala ya kushuka. Mtu analaumu skrubu ya kina. Mara nyingi si skrubu, ni koleti, kile kikombe kidogo cha chuma kilichopasuliwa pembeni kinachobana mguu wa biti.

Itoe biti uitazame mguu wake. Ukiona pete nyeusi nyeusi au michubuko inayozunguka, ujue imekuwa ikizunguka ndani ya koleti, yaani koleti haijaibana. Sasa kwa nini.

Sababu inayotajwa kidogo na inayosumbua watu wengi ni saizi. Kuna biti za mguu wa milimita 6 na kuna za robo inchi, ambayo ni milimita 6.35. Kwa macho ni kitu kimoja, zote zinaitwa "sita" na muuzaji anazichanganya kwenye sanduku moja. Ukitia ya 6 kwenye koleti ya robo inchi inaingia vizuri, unakaza, unaona imeshika, kumbe imeshikwa na ncha za koleti tu na ikipata joto na mtetemeko inaanza kuteleza. Ukitia ya robo inchi kwenye koleti ya 6 haiingii, na hapo ndipo mtu anachukua nyundo. Usichukue nyundo. Venia, kile kipimio cha taya mbili, hata ya plastiki ya bei rahisi inamaliza ubishi huu wote, pima mguu wa kila biti uliyo nayo, zitenge vikopo viwili, uandike juu kwa kalamu ya wino. Na ule ujanja wa kuzungushia mguu kipande cha bati la soda ili ujaze nafasi, huo uache kabisa, biti ikichomoka kwa kasi ile haiulizi ni jicho la nani.

Kama saizi ni sawa, tazama uchafu. Fungua nati, itoe koleti yenyewe, ipanguse ndani na nje, na lile tundu la shafti inamokaa pia. Unga wa msaji una mafuta yake, ukichanganyika na unyevu wa hapa unafanya ngozi ya kahawia inayong'aa ndani ya koleti, ukiikwaruza kwa kucha unaiona inatoka. Kitambaa chenye thina (thinner ya rangi) kidogo kinatosha, au brashi ya waya wa shaba. Usipake mafuta wala grisi ndani eti isishike kutu, koleti inashika kwa msuguano, ukiipaka mafuta umeiambia iachie. Ukitaka kuikinga na kutu ya bahari ihifadhi imefungwa kwa plastiki na kitambaa kikavu, basi.

Alafu namna ya kuitia. Watu wanaisukuma biti mpaka igote chini ndio wanakaza. Sivyo. Isukume mpaka igote, kisha ivute juu milimita mbili au tatu, ndipo ukaze, manake koleti ikikazwa hushuka kidogo, na biti ikiwa imegota haina pa kwenda, inabanwa vibaya. Mguu uwe umeingia angalau robo tatu ya urefu wake, hiyo ya kuing'ang'anilia kwa ncha ili upate kina zaidi ndio inayopinda mashafti. Na usikaze nati bila biti ndani, hata kwa kuihifadhi tu, koleti tupu ikikazwa inajifinya na hairudi umbo lake.

Umefanya yote na bado inateleza? Koleti imechoka. Inachoka, ni kitu cha kubadilishwa tu, ila wengi hawajui kwamba inauzwa peke yake. Hapa ndipo swali la kununua linapoingia: mashine ambayo koleti yake hupati dukani, hata ikiwa na wati elfu moja, ni mashine ya msimu mmoja.

Ukisha hakikisha koleti iko salama ndio urudi kwa skrubu au klampu ya kina. Kwenye trima nyingi mota inakaa ndani ya kikombe cha alumini au plastiki na unaibana kwa skrubu ya kipepeo au kwa lishikio la kufyatua. Chora mstari wa penseli pale mota na kikombe vinapokutana, fanya kazi kidogo, tazama kama mstari umehama. Ukihama, kikombe hakibani. Vya alumini unaweza kuvikaza, vya plastiki vikishapasuka nyufa ndogo pale skrubu inapoingia, ndio kwisha.

Mbao inaungua, ukingo mweusi na moshi

Ukiwauliza watu wanasema biti butu, na ni kweli mara nyingi, lakini kuna biti mpya inayochoma na kuna biti kuukuu inayokata safi, kwa hivyo usikimbilie kununua.

Tazama kwanza kinachotoka. Mashine inayokata inatoa maranda madogo unayoweza kuyashika kwa vidole, mashine inayosugua inatoa unga. Ukiona unga mwembamba na harufu ya kuungua, aidha makali yameisha au unaisukuma polepole mno. Hii ya polepole inawapata sana vijana walioambiwa wawe waangalifu, anaisogeza kwa hofu, anasimama kwenye kona kufikiri, na biti imekaa palepale inasugua. Kusimama huku biti inazunguka ndani ya mbao ndio kuchoma kwenyewe. Sukuma kwa mwendo mmoja, usikie mota inafanya kazi bila kulia.

Ya pili ni kukata kina kikubwa kwa mkupuo mmoja. Trima ni mashine ndogo na mguu wa biti ni mwembamba, kwenye mbao ngumu za kwetu, mbambakofi hasa, milimita mbili au tatu kwa kila pasi, yaani kila unapopitisha mashine mara moja, zinatosha. Mfereji wa milimita 12 uende kwa pasi nne au tano. Anayeona anapoteza wakati ahesabu na wakati wa kupiga msasa weusi wote ule.

Ya tatu ni kasi. Biti nyembamba ya milimita 6 inapenda kasi yote, lakini biti pana ya kuzungushia ukingo, ile ya milimita 25 na zaidi, ncha yake inasafiri mwendo mrefu zaidi kwa kila mzunguko, kwa hivyo inapata joto haraka na inatetemeka vibaya. Hiyo ipunguzie iende 18,000 mpaka 20,000 hivi, na kama mashine yako haina regyuleta ya kupunguza kasi, biti pana usiitie. Makita 3709 kwa mfano ni wati 530 na inakwenda 30,000 tu, haina kupunguza. RT0700C ya kampuni hiyohiyo ni wati 710 na inakwenda kuanzia 10,000 hadi 30,000. Tofauti ya wati hapo si kubwa ya kutisha, tofauti ya regyuleta ndio inayokupa kazi ambazo ile nyingine haiwezi.

Sasa makali. Mbao tunazotumia huku zinakula chuma. Msaji una silika ndani yake, ni mchanga kabisa kwa makali, na mvule una vijiwe, si methali, ni mawe ya chokaa yanayojijenga ndani ya mti, unakata vizuri alafu unasikia "kri!" na makali yamepata pengo. Ukikutana na doa gumu jeupe au la kijivu kwenye mvule litoe kwa patasi kuukuu kabla ya kupitisha mashine. Biti za chuma cha kawaida hazidumu kwenye mbao hizi hata asubuhi moja ikamalizika vizuri, nunua za kabaidi. Zinaonekana, kile kipande cha kijivu kilichobandikwa kwenye makali kwa shaba. Tazama ule ubandikaji: ukiwa na mapengo au shaba imefurika ovyo, iache dukani.

Na kabla hujaitupa biti iliyochoka, isafishe. Utomvu ukiganda nyuma ya makali unafanya biti nzuri ionekane butu. Iloweke kwenye mafuta ya taa au maji ya moto yenye sabuni ya unga, isugue kwa mswaki, ikaushe. Kama ina beringi ndogo kwenye ncha, itoe beringi kwanza, mafuta ya taa yataosha grisi yake yote.

Na tukiitaja beringi hiyo ndogo, ikikwama na isizunguke inachora mstari mweusi kwenye templeti (kibao cha umbo la kufuatisha) au kwenye ukingo wa mbao, na watu wanadhani ni makali yanayochoma. Weusi ukiwa juu pale makali yanapopita, ni makali. Ukiwa chini pale beringi inapogusa, ni beringi, na hiyo ni ya kubadilisha kwa hela ndogo.

Inaruka, inavuta mkono, inakataa kufuata mstari

Hapa mashine haina kosa lolote. Ni mwelekeo.

Ukitazama kutoka juu, biti inazunguka kama mishale ya saa. Unapopiga ukingo wa nje wa ubao, uende kinyume cha saa, yaani ukingo ukiwa upande wako unaenda kutoka kushoto kwenda kulia. Ukiwa ndani ya fremu, kama tundu la dirisha, unaenda kwa mwelekeo wa saa. Ukifanya kinyume biti inapanda juu ya mbao na kukimbia badala ya kukata, na wewe nyuma yake. Mafundi wazoefu wanaenda kinyume makusudi kwa pasi nyembamba sana ya mwisho kupata ukingo safi, lakini hiyo ni nusu milimita na mikono miwili.

Kwenye mfereji ulionyooka, ambapo unabana ubao wa kuongozea, uweke ubao huo kushoto kwako unaposukuma mashine kwenda mbele. Mbao inasukuma biti kushoto, kwa hivyo mashine inajibana yenyewe kwenye ubao wa kuongozea. Ukiuweka kulia, kila ukilegeza mkono kidogo mfereji unapinda. Jambo hili moja limefanya watu wauze mashine zao.

Mbao inang'oka nyuzi

Fupi: pembeni pa kichwa cha ubao, biti inapotoka, nyuzi hazina kitu nyuma yake cha kuzishika. Bana kipande cha mbao taka pale mwisho, au anza na pande za vichwa kisha umalize na pande ndefu zinazofuta mapengo. Kwenye nakshi, mpaka wa ua au jani uchore kwanza kwa kisu au patasi kali, ndipo mashine iondoe uwanja mpaka karibu na mpaka, na ile milimita ya mwisho ni ya patasi. Mteja anayelipia nakshi ya mkono anaijua kona ya mviringo ya biti akiiona.

Kama unatumia biti ya msokoto, ziko za aina mbili na muuzaji huenda hakuambii. Inayovuta juu inatoa taka vizuri kwenye mfereji mrefu lakini inaacha manyoya kwenye uso wa mbao. Inayosukuma chini inaacha uso safi lakini inashindilia unga ndani ya mfereji na inapata joto. Mifereji ya kutia njumu, ambayo ni mifupi na uso ndio unaoonekana, nataka ya kusukuma chini.

Haina nguvu, inasita, inapunguza kasi peke yake

Watu wanasema waya wa ekstensheni ni mrefu. Waya mrefu unasingiziwa kidogo kwenye jambo hili na nitaeleza kwa hesabu. Trima ya wati 710 kwenye volti 240 inavuta ampia tatu tu. Waya wa mita 30, wa shaba halisi, wa milimita za mraba 0.75, unapoteza volti nne hivi kwa mzigo huo. Volti nne hazizimi mashine. Lakini ukichomeka kwenye waya uleule randa ya umeme ya wati 1,500, sasa unapoteza kumi na tatu, na kama stima yenyewe jioni ishashuka unaipata trima inalia. Ekstensheni iwe ya milimita za mraba 1.5, ikunjue yote kutoka kwenye gurudumu lake, manake ikiwa imejizungusha inajipika, na mashine mbili kubwa zisikae juu yake. Na uwe mwangalifu, nyaya za bei rahisi si shaba ni alumini iliyopakwa rangi ya shaba, ikwaruze kwa wembe ukiona nyeupe ndani ujue.

Mwizi mwenyewe kwa sisi wa pwani yuko kwenye plagi na soketi. Chomoa plagi utazame miguu yake mitatu. Ikiwa imefifia, ina madoa ya kijani au pembeni pamegeuka kahawia, hapo ndipo volti zako zinapopotelea, hewa ya chumvi inaila shaba na mshikano unakuwa mbaya. Fanya kazi dakika kadhaa kisha chomoa uishike kwa vidole, plagi ya mashine ya ampia tatu haifai kuwa na joto la kuhisika. Ikiwa ya moto, sugua miguu kwa msasa laini, fungua ndani ukaze skrubu za waya, na soketi iliyolegea ibadilishwe, soketi haina dawa.

Kwa jenereta: zile ndogo za kubeba mkono mmoja, za mafuta mchanganyiko, volti yake inapanda na kushuka ukiwasha na kuzima kitu. Trima inawaka, ila regyuleta ya kielektroniki inaweza kuchanganyikiwa na mota inaenda kwa kusitasita. Kwa sola vilevile, inverta za bei rahisi hazitoi wimbi laini, mota inanguruma na kupata joto zaidi na regyuleta inafanya mambo yake. Kama karakana yako ni ya sola nunua inverta ya wimbi safi, ama chukua trima isiyo na elektroniki ndani. Ndio maana sisemi mashine fulani ni bora kwa kila mtu, ya fundi wa kijiji cha Shela kwenye sola si ya fundi wa mtaa wa Langoni kwenye stima.

Cheche

Fungua macho utazame kwenye matundu ya hewa juu ya mota, gizani kidogo ni rahisi. Cheche ndogo za samawati zilizotulia pale kaboni (vile vipande viwili vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye pete ya shaba ya mota) zinapogusa, hiyo ni kawaida ya mota za namna hii, usiende kwa fundi. Cheche ndefu za njano zinazozunguka pete nzima, hapo simama.

Kwanza kaboni. Kuna vifuniko viwili vya plastiki vyenye mkato wa bisibisi, kimoja kila upande. Fungua vyote, vuta kaboni na springi yake. Nyingi zina mstari wa kikomo, ikifika kwenye mstari badilisha zote mbili pamoja, hata kama moja bado ndefu. Mpya zikisugua sugua dakika chache bila mzigo ndipo zikae vizuri, cheche za mwanzo zisikutie wasiwasi. Ukizirudisha kuukuu uzirudishe upande uleule na uso uleule.

Kaboni ni nzuri na pete ya moto bado ipo? Itazame shaba kupitia tundu la kaboni ukizungusha shafti kwa mkono. Shaba ya kahawia laini ni nzima. Ikiwa na vipande viwili vitatu vyeusi vilivyoungua na vingine safi, amecha, yaani ile sehemu ya mota inayozunguka, imepata shoti ndani, na hapo ukiuliza bei ya amecha mpya utakuta imekaribia nusu ya mashine au zaidi. Kuna wanaosuka upya, ila kwa mota inayokwenda 30,000 kusuka kusikokuwa na mizani kunaua beringi baada ya muda mfupi, kwa hivyo hapa nasema nunua mashine.

Kelele

Mluzi mkali unaopanda na kasi ni beringi. Mtetemeko bila mluzi ni biti iliyopinda au shafti. Kutofautisha: toa biti na koleti, washa mashine tupu. Kelele ikibaki ni beringi, ikiondoka ni biti au koleti. Shafti unaijua hivi: tia biti mpya iliyonyooka, chomoa plagi, simamisha kijiti cha kiberiti kikiwa kinakaribia kuugusa mguu wa biti, zungusha kwa mkono. Nafasi ikibadilika ukiizungusha, geuza biti nusu mzunguko ndani ya koleti ujaribu tena. Palepale panapozidi pakihama na biti, biti ndio mbovu, pasipohama ni koleti au shafti. Mashine iliyoanguka kutoka mezani juu ya sakafu ya mawe, hii ndio kitu ya kwanza kutazama.

Beringi zina nambari pembeni, nunua nambari hiyohiyo na ya kufunikwa pande zote mbili, usikubali ya wazi, unga wa mbambakofi utaingia ndani wiki hiyohiyo. Kupuliza mashine kwa upepo wa kompresa ni vizuri ila puliza kwenye matundu ya hewa kutokea nje ukiwa mbali kidogo, ukibandika mdomo wa bomba juu ya beringi unasukuma unga ndani.

Na hapa niseme la vumbi lenyewe, manake watu wanajali beringi kuliko mapafu. Vumbi la mvule linawasha ngozi na pua na wengine linawapa pumu, na vumbi la mbao kwa jumla limewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kwenye kundi la kwanza, yaani linajulikana kuleta saratani. Barakoa ya N95, si leso. Miwani. Na kikoi kikiwa kinaning'inia kifunge vizuri kabla ya kuwasha.

Ukienda kununua

Sasa ukisoma haya yote unaona cha kutazama. Omba koleti waitoe uione: mipasuko yake iwe sawa, ndani laini, isiwe na mikwaruzo ya tupa. Uliza ni 6 au robo inchi, na kama duka lina zote mbili kwa mashine ile chukua zote mbili siku hiyohiyo, pamoja na jozi ya kaboni. Muuzaji akikwambia "hizo hazitauzwa peke yake", weka mashine chini.

Tia biti, kaza, zungusha kwa mkono, fanya ile ya kiberiti palepale kaunta. Bana kina kisha jaribu kuusukuma mota kwa nguvu za mikono miwili, usiteleze. Chini ya mashine, kile kitako cha plastiki kiweke juu ya kioo cha kaunta, kisitikisike, manake kitako kilichopinda kinakupa mfereji wa vina tofauti hata koleti iwe ya dhahabu.

Wati kati ya 500 na 700 zinatosha kwa kazi za trima. Bosch GKF 550 ni wati 550 na inakwenda 33,000, watu wanachonga nayo miaka. Ukihisi unahitaji zaidi ya hapo, unahitaji rauta kubwa yenye koleti ya milimita 12 au nusu inchi, si trima yenye wati nyingi, manake mguu wa biti wa 6 haubebi mzigo huo hata mota ikiweza. Kazi ya kukata matundu ya ndimi, yale mashimo ya kuungia mbao, kwenye miimo ya mbambakofi ni ya mashine kubwa ama ya patasi na nyundo.

Ya betri? Kwa anayepanda ngazi nyumba za ghorofa mbili za mawe kwenda kutia bawaba mahali hapana soketi, ni raha, mradi tayari una betri za kampuni hiyo kwa drili yako. Kwa kuchimba mifereji kutwa nzima, ya waya.

Feki zimejaa. Rangi ni ileile, jina ni lilelile, ila stika ya chini ina herufi zilizokosewa au haina nambari ya mashine, waya ni mgumu wa plastiki badala ya mpira laini, na ukiishika ni nyepesi isivyo kawaida. Jaribio langu la mwisho ni kaboni: chukua kaboni halisi ya modeli hiyo kwenye duka la spea, uijaribu. Isipoingia, mashine si ya jina lake.